Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Ubao Shirikishi kwa Projekta, Kamera Moja na Kalamu ya Infraredi

Anayeona ubao shirikishi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ubao wenyewe ndio unaohisi mkono. Katika aina tutakayoitengeneza hapa, ubao ni ukuta uliopakwa rangi nyeupe, wala hauhisi chochote. Projekta inaurushia picha, kamera inautazama kutoka pembeni, na kompyuta inakokotoa mahali ilipo ncha ya kalamu kisha inausogeza mshale wa kipanya hadi hapo. Ugumu wote umo katika swali moja: kamera itaitambuaje ncha ya kalamu katikati ya picha inayobadilika kila mara, mkono wa mwalimu, kivuli chake na mwanga wa dirishani?

Wengi hukimbilia kuipa kompyuta akili zaidi. Siku hizi programu za kutambua mkono zipo bure. MediaPipe ya Google, kwa mfano, hutafuta alama 21 katika kila mkono inaouona. Ukiijaribu mbele ya projekta utaona udhaifu wake mara moja, kwa sababu picha inayorushwa huangukia kwenye mkono pia, na mkono uliopakwa ramani ya Afrika au fomula za kemia haufanani tena na mkono. Wavumbuzi waliofanikiwa katika fani hii walishika njia ya kinyume: waliipunguzia kamera vitu vya kuona. Myron Krueger, Mmarekani aliyeanza kazi yake ya Videoplace katika miaka ya 1970, alimtenga mtu na mazingira yake ili kompyuta ibaki na umbo lake tu. Jeff Han wa Chuo Kikuu cha New York alieleza mwaka 2005 namna ya kufungia mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, ndani ya bamba la akriliki (plastiki angavu), ukatoka pale tu kidole kinapoligusa. Mwaka 2007 Johnny Chung Lee, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alionyesha kwamba rimoti ya mchezo wa Wii, ambayo ndani yake mna kamera ya infraredi, inaweza kuufanya ukuta wowote kuwa ubao shirikishi. Mwongozo huu unafuata njia ya Lee, isipokuwa badala ya rimoti tunatumia kamera ya kawaida ya kompyuta.

Vifaa vya kuandaa

Unahitaji projekta, kompyuta mpakato, kamera ya kuchomeka kwa USB ambayo hutajuta ikiharibika, taa moja au mbili ndogo za LED za infraredi, betri mbili za saizi ya AA au AAA, rizista (kipunguza mkondo wa umeme) ya omu 33, kitufe cha kubonyeza, ganda la kalamu nene ya kuandikia ubaoni, bisibisi ndogo, wembe na pasi ya kulehemu. Kama huna LED mpya, fundi redio yeyote ana lundo la rimoti mbovu za televisheni, na kila moja ina LED ya infraredi kwenye pua yake, ambayo mara nyingi bado ni nzima.

Kuhusu kamera, usivutiwe na idadi kubwa ya pikseli. Kamera ya pikseli 640 kwa 480 inayotoa fremu 60 kwa sekunde itakufaa kuliko yenye picha kubwa inayotoa fremu 15. Chagua ile ambayo lenzi yake inazungushwa kwa mkono kurekebisha fokasi, kwa kuwa zile zinazojirekebisha zenyewe ni taabu kuzifungua na huhangaika zikiwa gizani.

Hatua ya kwanza: kuibadilisha kamera

Jicho la binadamu huishia kuona kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hivi, lakini kihisi cha silikoni kilicho ndani ya kamera huendelea kuona hadi karibu nanomita 1100. Watengenezaji huziba uwezo huo wa ziada kwa kijikioo chembamba kilicho kati ya lenzi na kihisi, maana bila hicho rangi za picha huharibika. Kazi yetu ni kuugeuza mpango huo: tunaondoa kinachozuia infraredi, kisha tunaweka kinachozuia mwanga wa kawaida.

Fungua kasha la kamera, zungusha lenzi kinyume cha saa hadi itoke, na uitazame kwa nyuma. Utaona kioo cha mraba chenye mng'ao wa kijani au wekundu kikiwa kimegundishwa kwa gundi kidogo kwenye pembe zake. Kikwangue gundi kwa ncha ya wembe na ukibenue polepole. Kikivunjika si hasara, almradi vipande visikwaruze lenzi wala kuangukia kihisi. Kwa hiyo fanya kazi hiyo lenzi ikiwa mbali na bodi ya kamera, na bodi yenyewe uifunike kwa kitambaa safi. Katika baadhi ya kamera kizuizi hicho si kioo cha peke yake bali ni utando uliopakwa kwenye lenzi, na hapo hakuna ujanja: tafuta kamera nyingine, au nunua ile ya Raspberry Pi iitwayo NoIR, ambayo huuzwa bila kizuizi hicho.

Sasa kichujio. Kipo cha kununua, lakini cha bure kimelala kwenye studio za zamani za picha. Filamu ya rangi inaposafishwa, ule mwanzo wake uliounguzwa na mwanga wakati wa kuipakia kwenye kamera hutoka mweusi tii. Rangi zilizoufanya mweusi huzuia mwanga tunaouona lakini huipitisha infraredi ya karibu. Kata vipande viwili vyenye ukubwa wa lenzi, vipandanishe, uvibandike mbele yake. Usitumie filamu ya picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu weusi wake ni chembe za fedha, nazo huizuia infraredi pamoja na mwanga mwingine. Nilipoteza jioni nzima kabla ya kulijua jambo hilo, nikidhani nimekiua kihisi.

Rudisha lenzi, washa kamera na uielekeze kwenye rimoti ya televisheni huku ukibonyeza kitufe chochote. Pua ya rimoti inapaswa kuwaka kama tochi huku picha ya projekta ikipotea kabisa au kubaki kwa mbali sana. Kwa kuwa kile kijikioo kilikuwa kikipinda miale kidogo, fokasi itakuwa imehama. Zungusha lenzi hadi nukta ya mwanga iwe ndogo na yenye ukingo mkali.

Hatua ya pili: kalamu

LED za infraredi zinazopatikana kwa wingi ni za aina mbili, za nanomita 850 na za nanomita 940. Kihisi cha silikoni huziona vizuri zaidi zile za 850, ndiyo maana nazipendekeza kwa ukumbi mkubwa, ingawa ukizitazama gizani utaona wekundu hafifu. Zile za 940, ambazo ndizo zilizomo katika rimoti nyingi, zinafaa kwa chumba cha darasa, tena zina faida moja ya ziada: mvuke wa maji ulio angani hufyonza sehemu ya mwanga wa jua katika eneo hilo, kwa hiyo jua huzisumbua kidogo kuliko zile za 850.

Betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo zinatoa volti 3. LED inahitaji volti kati ya 1.3 na 1.5, na kinachobaki, takriban volti 1.6, hubebwa na rizista. Kwa rizista ya omu 33 mkondo unakuwa karibu miliampea 48, kiasi ambacho LED nyingi za milimita 5 hukistahimili bila shida. Unganisha betri, kitufe, rizista na LED kwa mfuatano mmoja, kisha vitie vyote ndani ya ganda la kalamu, LED ikichomoza mbele. Mguu mrefu wa LED ndio wa upande wa chanya. Ukiugeuza haitawaka, na kwa kuwa mwanga wake hauonekani, pima kila mara kwa kamera uliyoibadilisha.

Kuna dosari inayowakuta wengi hapa. LED ya rimoti imetengenezwa irushe mwanga mbele katika pembe nyembamba, lakini kalamu inapogusa ukuta, mbele yake ni ukuta, si kamera. Sugua kichwa cha LED kwa msasa laini hadi kiwe na ukungu, ili mwanga utawanyike pande zote. Hatua hiyo ya dakika mbili huongeza uhakika wa kalamu kuliko jambo jingine lolote utakalofanya.

Kitufe cha kidole gumba ndicho rahisi kukifunga, lakini anayeandika husahau kukiachia, na herufi zake zote zikaungana kwa mikia. Ukiwa na subira, weka swichi ndogo nyuma ya LED ili ncha inapobanwa ukutani ndipo mwanga uwake. Tahadhari moja kwa wenye watoto: mboni haijikazi wala ukope haufungi mbele ya infraredi, kwa hiyo pasiwepo anayeisogeza LED hiyo karibu na jicho lake ili aone kama inawaka.

Hatua ya tatu: mahali pa kuiweka kamera

Kamera ikae mahali inapouona ubao wote na ambapo mwili wa mwandishi hauikingi. Ikiwekwa katikati ya darasa, mgongo wa mwalimu utaziba kalamu. Ikibandikwa karibu sana na ukuta, itauona ubao kwa mshazari mno. Hesabu yake si ngumu. Kamera inayotazama ukuta kwa pembe ya nyuzi 45 huuona upana wake ukiwa asilimia 71 ya upana halisi, na ikitazama kwa nyuzi 20 huuona ukiwa asilimia 34 tu, na sehemu iliyo mbali hubanwa zaidi ya hapo. Ishike nyuzi 45 kama kawaida, ipandishe juu ya kichwa cha mtu mrefu, kisha mwambie mtu aandike kwenye pembe zote nne na katikati huku wewe ukitazama kama nukta inapotea. Jaribu upande wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa anayeandika kwa mkono wa kushoto atakulazimisha kuhama.

Ijaze fremu kadiri inavyowezekana. Chukua ubao wa upana wa mita 2 unaochukua pikseli 512 kati ya 640 za kamera: kila pikseli inabeba karibu milimita 4 za ukuta. Projekta yenye pikseli 1024 katika upana huo ina pikseli moja kwa kila milimita 2. Maana yake kamera ni butu mara mbili kuliko picha inayoifuatilia, na tofauti hiyo itafidiwa na hesabu ya kitovu tutakayoiona katika hatua inayofuata. Ubao ukichukua nusu ya fremu tu, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Kamera na projekta zifungwe kwenye vitu visivyotikisika. Meza ya mbao inayogongwa na magoti ya wanafunzi, au dari yenye feni, itakufanya ufanye ulinganifu (kuoanisha picha ya kamera na skrini) upya kila kipindi.

Hatua ya nne: programu

Nitaeleza kwa lugha ya programu ya Python na OpenCV, maktaba ya amri za kuchakata picha iliyoanzishwa katika kampuni ya Intel mwaka 1999 na ambayo hadi leo ni ya bure. Jambo la kwanza katika programu ni kuzima marekebisho ya mwanga ya kamera yenyewe. Kamera iliyo gizani hujiongezea muda wa kupokea mwanga, na hapo hata vumbi litang'aa, na fremu zitapungua kutoka 30 hadi 15 au chini yake. Weka muda mfupi usiobadilika. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa vizuri na programu ndogo ya v4l2-ctl, na kwenye Windows dirisha la mipangilio ya kamera linatosha.

Kila fremu inapofika, igeuze kuwa ya kijivu, kisha ikate kwa kizingiti: pikseli zenye thamani ya juu ya 200 kati ya 255 zibaki nyeupe, nyingine zote ziwe nyeusi. Ikiwa hatua za awali zilifanywa vizuri, kitakachobaki ni doa moja jeupe kwenye uga mweusi. Tafuta madoa kwa amri ya OpenCV iitwayo findContours, tupa yenye eneo la chini ya pikseli 3 na yale makubwa yasiyoweza kuwa kalamu, kisha chukua kubwa kati ya yaliyosalia. Usichukue pikseli yake ing'aayo zaidi kuwa ndiyo mahali pa kalamu. Tafuta kitovu cha doa zima kwa amri ya moments, kwa sababu wastani wa pikseli 20 au 30 hukupa jibu lenye desimali, na hapo ndipo ule ubutu wa kamera unapofidiwa.

Ulinganifu

Kitovu ulichokipata ni cha picha ya kamera, nayo kompyuta inataka mahali pa skrini. Kwa kuwa kamera inatazama kwa mshazari, mstatili wa ubao unaonekana kama pembenne iliyopinda, na kuzidisha tu kwa uwiano hakutoshi. Kinachohitajika ni homografia, yaani jedwali la namba tisa, safu tatu kwa nguzo tatu, linalohamisha nukta ya bapa moja hadi bapa jingine. Kati ya namba hizo tisa, nane ndizo zisizojulikana, kwa kuwa moja ni ya kipimo tu. Kila nukta iliyopimwa pande zote mbili inatoa milinganyo miwili, hivyo nukta nne zinatosha, ilimradi tatu miongoni mwake zisikae kwenye mstari mmoja.

Onyesha msalaba kwenye skrini, asilimia 10 ndani ya kila pembe, mmoja baada ya mwingine. Mtumiaji agusishe kalamu na kuishikilia. Programu ikusanye vipimo 15 na kuchukua wastani wake. Zikishapatikana nne, amri ya getPerspectiveTransform itakupa jedwali, nawe ulihifadhi katika faili. Kisha onyesha msalaba wa tano katikati, ambao haukutumika katika hesabu, uone kalamu inaangukia wapi. Kosa la chini ya pikseli 5 ni zuri, na likizidi 15 rudia. Lisiporekebishika hata baada ya kurudia, na huku pembeni kuko sawa, tatizo ni lenzi ya pembe pana inayopinda mistari, na homografia haiwezi kuinyoosha. Hapo utahitaji kwanza kupima lenzi kwa ubao wa miraba ya drafti, kwa njia aliyoichapisha Zhengyou Zhang mwaka 2000 ambayo tayari imo ndani ya OpenCV.

Kuusogeza mshale

PyAutoGUI, maktaba ya Python ya kuendesha kipanya, ndiyo rahisi, lakini ina mambo mawili yanayowachanganya wanaoanza. Kwa kawaida yake husimama sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kila amri, jambo ambalo litaifanya kalamu yako iburuzike kana kwamba inapita kwenye matope; weka PAUSE kuwa 0. Pia imewekewa kinga ya kusitisha programu mshale unapofika kwenye mojawapo ya pembe nne za skrini, ambako kalamu ya ubaoni hufika kila dakika. Ukiizima kinga hiyo, hakikisha una njia nyingine ya kuisimamisha programu kwa kibodi.

Doa linapoonekana, bonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya na ukishikilie. Linapotoweka kwa fremu tatu mfululizo, kiachie. Ukiachia kwa fremu moja tu, kila mara kidole kinapokatiza mwanga mstari utakatika.

Sasa kuhusu ulaini wa mwandiko. Mkono unaokwenda mita moja kwa sekunde husogea milimita 33 kati ya fremu mbili za kamera ya fremu 30, na milimita 17 kwa kamera ya fremu 60. Rimoti ya Wii aliyoitumia Lee hupima mara 100 kwa sekunde, yaani kila milimita 10, ndiyo maana mwandiko wake ulikuwa wa mviringo ilhali wa kamera za kawaida huwa na kona. Unaweza kulainisha kwa kuchanganya asilimia 60 ya kipimo kipya na asilimia 40 ya mahali pa awali, lakini kila unapolainisha zaidi, wino unachelewa nyuma ya kalamu. Kwa maoni yangu, mtu huvumilia kona kuliko kuchelewa.

Matatizo ya matumizi ya kila siku

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa ukienda wazimu saa nne asubuhi na kutulia saa sita. Ilinichukua siku tatu kugundua kwamba saa hiyo ndipo jua lilipoingia kwa dirisha la mashariki na kuangukia ukingo wa ubao, nalo jua lina infraredi tele ambayo kichujio hakiwezi kuibagua na ya kalamu. Pazia zito lilimaliza kazi. Balbu za waya unaowaka nazo ni adui, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kama infraredi. Za LED na za tyubu hazina neno. Fremu ya dirisha inayong'aa au kioo cha saa ya ukutani kinaweza kuakisi mwanga wa kalamu na kuzaa doa la pili, hivyo programu ikatae lolote lililo nje ya pembenne ya ubao. Na mshale ukianza kurukaruka baada ya wiki kadhaa bila kitu kuguswa, badilisha betri za kalamu kabla hujagusa programu.

Ikiwa unataka watu waguse kwa vidole bila kalamu, njia ya Han ndiyo ya kuifuata, nayo ni mradi wa seremala kuliko wa fundi umeme. LED huwekwa kandokando ya bamba la akriliki, mwanga ukiingia ndani hudundadunda bila kutoka kwa kuwa unakutana na uso kwa pembe inayozidi nyuzi 42 hivi, na kidole kinapogusa mwanga hutoroka kuelekea kamera iliyo nyuma. Projekta nayo inabidi ikae nyuma, hivyo utahitaji kasha lenye kina, na darasa la kawaida halina nafasi hiyo.

Kabla ya kuuza

Kutengeneza ubao kwa ajili ya kujifunza ni jambo moja, na kuuza ni jingine, kwa kuwa fani hii imejaa hataza, yaani haki za kisheria zinazolinda uvumbuzi. Hataza hulinda katika nchi ilikotolewa tu, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, hivyo mengi ya miaka ya 1990 yamekwisha muda. Tafuta bure kwenye hifadhi za hataza za mtandaoni, Espacenet au Google Patents, kwa namba ya uainishaji G06F 3/0425, ambayo ndiyo hasa fungu la mifumo inayotumia kamera moja kufuatilia vitu juu ya skrini au ukuta wa projekta. Soma madai yaliyo mwishoni mwa hataza, si muhtasari wa mwanzo, maana kinacholindwa ni kile tu kilichoandikwa katika madai.

Nawe ukiwa umebuni jipya, maombi hupelekwa katika ofisi ya nchi yako, kwa mfano KIPI huko Kenya au BRELA Tanzania Bara, au kwa ARIPO, shirika la kikanda la Afrika lililo mjini Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Liwasilishe kabla ya kuupakia mtandaoni mkanda wa video unaouonyesha ubao ukifanya kazi, kwa sababu katika nchi nyingi kilichokwisha kuonyeshwa hadharani, hata na mwenyewe, hakihesabiwi tena kuwa kipya.